Mipapai yangu 15 kati ya 34 imetoa maua ya kuning'inia tu, haina dalili ya tunda. Niikate?

MamaJuisi (Mlandizi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijashika panga kwa hasira.

Mimi nauza juisi hapa stendi ya Mlandizi. Mwaka jana nilikaa nikapiga hesabu, nikaona faida yangu yote inaishia kwa wauza mapapai, na huku nyuma ya nyumba nina robo eka imelala inaota magugu. Mwezi wa kwanza nikanunua papai moja sokoni, ndani jekundu, tamu hata sukari huongezi. Mbegu zote nikazihifadhi. Nikaziotesha kwenye viriba, na masika yalipoanza mwezi wa tatu nikahamishia miche shambani. Ilikuwa 40. Sita ikafa, imebaki 34, na yote imenawiri, mingine imeshanipita kimo.

Mwezi huu wa nane maua yameanza. Mipapai 19 maua yake yamekaa kwenye kwapa la jani, yamebanana na shina, na michache tayari ina vitunda kama gololi. Shida ni hii 15. Maua yake ni membamba, yanatoka kwenye vijiti virefu yananing'inia kama hereni za bibi harusi. Jioni yananukia vizuri mno, nondo wanajaa, asubuhi nakuta yamepukutika chini kama mchele. Tunda hakuna hata moja.

Jirani anasema nigongomelee kila mti msumari wa inchi nne, eti mpapai ukipata uchungu unazaa. Fundi aliyenichimbia choo anasema nikate kichwa, utageuka jike. Shemeji yangu anasema nimerogwa, huyo nimemwacha na yake. Nyie mnasemaje?


KijanaWaRuvu

Jirani yako yuko sahihi kabisa. Piga msumari usawa wa kiuno, upande jua linapochomoza. Mzee wangu alifanya hivyo na mpapai ukazaa, nimeona kwa macho yangu. Mambo mengine hayako kwenye vitabu.


FundiBomba

Dume ni dume. Kata yote 15, majani wape mbuzi, panda mengine. Maisha yaendelee.


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Mwanangu, weka panga chini kwanza, halafu nijibu maswali mawili. Lile papai la sokoni lilikuwa la mviringo kama mpira, au refu kama chupa? Na ulipolipasua, uwazi wa katikati unapokaa mbegu ulikuwa mpana au mwembamba?

Wakati nakusubiri nimjibu huyu kijana wa msumari, maana hili jambo nina historia nalo.

Mimi siyo bwana shamba. Ni mama wa kitalu tu, nimeuza miche kando ya barabara ya Segera kwenda Tanga tangu wanangu wanabebwa mgongoni hadi sasa wana wajukuu wangu. Marehemu mzee wangu alikuwa na mpapai dume mmoja karibu na kisima. Akaugongomelea misumari mitatu. Mwaka ule ule, wallahi, ukatoa mapapai mawili, madogo kama ngumi ya mtoto, yakining'inia mwisho wa vikonyo virefu kama kengele za mbuzi. Mzee akatembea kijiji kizima akisimulia. Msimu uliofuata ukatoa maua matupu. Na uliofuata, maua matupu. Siku ulipooza ukaanguka nilikuta misumari yote mitatu imo ndani, ina kutu, haina kazi.

Ukweli ni kwamba mpapai dume mara mojamoja hutoa maua machache yenye uzazi, hali ya hewa ikibadilika au mti ukitikiswa na kitu. Hapo ndipo yanapotoka hayo mapapai ya kengele. Mti wenye msumari ukizaa, sifa anapewa msumari. Usio na msumari ukizaa, hakuna anayesimulia. Kukata kichwa ni vile vile: utatoa matawi mawili matatu, na matawi yote yatakuwa dume kama shina lililoyazaa. Tena shina la mpapai ni tupu katikati kama bomba. Ukilikata na kuliacha wazi, mvua inaingia, linaoza kutokea ndani.

Jinsia ya mpapai imeamuliwa ndani ya mbegu. Wewe unasubiri ua likuonyeshe, na hakuna namna nyingine ya macho. Atakuja muuza miche akwambie anatambua jike kwa mzizi ulionyooka, au kwa mbegu inayozama majini. Mimi ni muuza miche, nakwambia hajui.


MamaJuisi (Mlandizi)

Shikamoo bibi. Papai lilikuwa la mviringo, kubwa, na uwazi ulikuwa mpana, ningeweza kuingiza ngumi. Mbegu zilijaa bakuli.

Ila bibi, nimechelewa kusoma. Jana nilimsikiliza FundiBomba, nimeshakata nane.


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Marahaba mwanangu. Basi simama hapo hapo, usikate mwingine mpaka umalize kusoma.

Mipapai iko namna tatu. Kuna dume, hiyo ya hereni. Kuna jike. Na kuna wa jinsia mbili, wengine huuita huntha, ambao ua lake moja lina sehemu zote, linajichavusha lenyewe. Jike huzaa papai la mviringo au la yai, uwazi mpana. Wa jinsia mbili huzaa refu, nyama nene, uwazi mwembamba. Ndiyo maana nikakuuliza umbo.

Papai lako lilitoka kwa jike. Jike halijichavushi, kwa hiyo lazima poleni, lile vumbi la njano la uzazi wa ua, ilitoka mti mwingine. Kama baba ni dume, watoto huwa nusu dume nusu jike. Wewe umepata 15 kwa 19. Hapo hujarogwa mwanangu, hapo ni hesabu tu. Mwambie shemeji.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Kama baba alikuwa dume, basi hiyo 19 yako yote ni majike. Ukimaliza kuyakata madume yote, nayo majirani hawana mpapai wowote wenye poleni, majike yako yatatoa maua, yatapukutisha, au yatafunga vitunda vidogo visivyo na mbegu, na wewe utarudi hapa kulia upya. Hao nondo wa jioni unaowaona ndio wanaokupandishia mipapai yako. Wanafuata harufu ya dume, wanapita kwa jike.

Kwa hiyo kati ya saba iliyobaki acha miwili: mmoja katikati ya shamba, mmoja upande upepo unakotokea. Dume mmoja kwa majike kumi hivi anatosha. Mitano ng'oa na mizizi, usiikate tu.

Lakini kwanza hakikisha hiyo 19 ni majike kweli. Chukua wembe. Chuma ua ambalo halijafunguka, moja kwa kila mti, ulipasue kwa urefu. La jike ni nene chini, limetuna kama kitunguu kidogo, petali zake tano zimeachana mpaka karibu na kitako, na ukipasua ndani huoni vumbi la njano popote, ni kitunda kichanga tu na juu yake kama vinyweleo vyeupe. La jinsia mbili ni refu kidogo, limenyooka kama pilipili changa, petali zimeshikana chini, na ndani kumezunguka vijifuko vya njano. Ukiona njano hiyo, furahi, huo mti haumhitaji mtu.

Tumia dakika kumi. Fanya leo, kesho maua yatakuwa yamefunguka.


MamaJuisi (Mlandizi)

Bibi nimepasua yote 19 na wembe wa kunyolea wa mume wangu. Kumi na tisa zote kitunguu. Njano hakuna.

Madume mitano nimeng'oa, miwili nimeacha. Ila nani aliniambia kazi hii haiumi? Nilikuwa nakata bila glavu, utomvu umenitafuna katikati ya vidole mpaka ngozi imebambuka.


KijanaWaRuvu

Mimi bado nasimama na msumari. Ila hiyo ya wembe nimeipenda, nitajaribu.


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Pole mwanangu, ningekuonya. Ule utomvu ndio ule ule unaolainisha nyama. Wapwani wote tunajua: mishkaki ya ng'ombe mzee, kwaruza papai bichi kidogo, pakaza, subiri nusu saa. Ukisahau mpaka asubuhi unakuta uji. Sasa ngozi yako nayo ni nyama. Osha kwa maji mengi mapema, na siku ya kuvuna tumia kisu chenye mpini mrefu, acha kikonyo kidogo kwenye tunda, lilaze kikonyo kikiangalia chini utomvu udondoke bila kuchafua ganda.

Sasa umebaki na mashimo 13. Usiyaache. Ngoja vuli, yajaze hivi.

Tafuta papai refu, la jinsia mbili. Toa mbegu, kila mbegu ina kigozi cha utelezi, hicho kinazuia kuota. Ziweke kwenye chujio, zisugue na majivu au mchanga mpaka ule utelezi uishe, osha, anika kivulini siku mbili tatu. Juani hapana. Zikiota wiki ya pili au ya tatu usishangae, mpapai hauna haraka mwanzoni. Mche ukifika kimo cha kalamu mbili hivi, hamishia shambani pamoja na udongo wake wote wa kwenye kiriba. Ukiutikisa mzizi umeuua.

Na panda miche mitatu katika kila shimo, ikiachana futi moja. Hapa ndipo watu wanaponibishia, wanasema nataka kuuza miche mingi. Sawa, mimi ni mfanyabiashara, lakini hesabu haina biashara. Kama mbegu zako ni nusu kwa nusu, shimo la mche mmoja lina nafasi sawa ya kuwa dume au jike, yamekukuta. Ukiweka mitatu, katika mashimo manane ni moja tu kwa kawaida litakaloangukia madume matupu. Ikitoa maua unachagua mmoja ulio bora, miwili unang'oa. Miche ni rahisi kuliko miezi saba uliyopoteza.

Ukibahatika kumpata mkulima mwenye mipapai ya jinsia mbili, mwombe akufungie maua mawili matatu kwa mfuko wa khaki kabla hayajafunguka, ayaache wiki moja hivi mpaka yajichavushe. Mbegu za tunda hilo hazitoi dume hata mmoja. Theluthi mbili zinakuwa jinsia mbili, theluthi moja jike. Mimi nafanya hivyo, na mbegu hizo huwa siuzi, nauza miche yake tu.

Na kumbuka kitu kimoja. Kwa vile umeacha madume mawili shambani, mbegu za mapapai yako ya sasa zitakuwa tena nusu kwa nusu. Kunywa juisi, mbegu tupa.


Mkulima_Kilifi

Bibi, shikamoo kutoka Kilifi. Mimi nilinunua mbegu za kampuni, bei ilikuwa kali, nikaambiwa mipapai yote itazaa. Na kweli ilizaa, mapapai marefu mazuri. Lakini Januari mpaka Machi, jua lilipokuwa kali, maua yakawa membamba yakaanguka. Shina lina matunda chini, halafu hatua moja na nusu tupu, halafu matunda tena juu. Je, ni ugonjwa? Ama niliuziwa mbegu mbaya?


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Marahaba. Mbegu ni nzuri, ila mti wako ulikuwa na kiu. Mpapai wa jinsia mbili una tabia ya kugeuka. Ukipata joto kali na ukame, kile kitunda cha ndani ya ua kinanyauka, ua linabaki na kazi ya dume tu, linaanguka. Ile sehemu tupu kwenye shina ni kalenda yako, kila ukiitazama unajua kiangazi kilianza lini na kikaisha lini. Jike halina mchezo huo, na hiyo ndiyo sababu mimi siyadharau majike hata kama madukani wanataka marefu. Mwaka huu mwagilia kabla mti haujalalamika na utandaze nyasi kavu chini, zisiguse shina.

Baridi nayo ina yake. Mdogo wangu yuko Lushoto, alipanda ya jinsia mbili, mapapai yakatoka yamekunjamana uso kama mzee aliyevua meno. Ndani ni matamu, nje huwezi kumuuzia mtu.

Na kama hizo mbegu za kampuni ni chotara, usihifadhi mbegu za matunda yake kwa msimu ujao ukitegemea mti ule ule. Watoto watatawanyika, kila mmoja na sura yake.


Mkulima_Kilifi

Asante sana bibi. Na majani mengine yamejikunja yamekuwa membamba kama vidole, na tunda lina vipete vipete kwenye ganda. Hiyo pia ni kiu?


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Hapana baba, hiyo siyo kiu. Ng'oa huo mti leo hii, uchome au uufukie mbali. Ni virusi vya pete, vinabebwa na vidukari kutoka mti hadi mti, na dawa ya kuuponya mti ulioshikwa hakuna. Umepanda matikiti au maboga karibu? Hayo nayo hushikwa na virusi hivyo na huleta vidukari. Yahamishe. Ukiona wale wadudu weupe kama pamba kwenye majani na tunda, hao ni wengine, hao unaweza kuwaosha kwa maji ya sabuni wakiwa bado wachache. Ila pete, ng'oa tu. Usiuonee huruma.


MamaJuisi (Mlandizi)

Bibi, na mimi swali la mwisho. Upande mmoja wa shamba, karibu na mtaro, maji huwa yanatuama mvua ikiwa kubwa. Mashimo manne yako huko. Nijaze au niache?


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Acha. Au inua matuta ya kufika goti, upande juu yake.

Mvua za El Nino za mwishoni mwa 1997 nilikuwa na mipapai 70 bondeni, imebeba mpaka mingine nimeiegemeza kwa miti. Maji yakasimama siku tatu. Siku ya nne majani ya chini yalikuwa njano, wiki haijaisha yote yameinamisha mikono. Nilivuta mmoja, ukatoka kama karoti iliyochemshwa, mzizi unanuka. Sabini yote. Mpapai unapenda kunywa maji lakini haulali majini, na huo mtaro wako ndio ulioua ile miche sita, nina hakika. Iliyokufa ilikuwa upande gani?


MamaJuisi (Mlandizi)

Bibi wewe ni mganga au? Minne kati ya sita ilikuwa mtaroni.


MamaJuisi (Mlandizi)

Wakuu, narudi kwenye uzi huu, sasa ni mwezi wa pili. Wiki iliyopita nimevuna papai la kwanza, lilikuwa na mistari miwili ya njano, nimeliacha jikoni siku tatu likaiva lote. Ganda la njano, ndani jekundu lile lile la sokoni. Glasi tano za juisi kutoka papai moja. Majike yote 19 yamebeba, mengine nimeyaegemeza. Mashimo tisa nimejaza miche mitatu mitatu, manne ya mtaroni nimeacha, nimepanda mchaichai.

Ila kuna jambo. Asubuhi nimekuta ule mpapai dume wa katikati una msumari, inchi nne, usawa wa kiuno, upande wa mashariki. Jirani kaja usiku. Nimemuuliza, anacheka tu, anasema nitamshukuru. Bibi, niuache au niung'oe?


KijanaWaRuvu

Uache! Uache!


Bibi wa Kitalu (Muheza)

Ng'oa mapema kabla kidonda hakijaanza kuoza, jaza majivu kwenye tundu. Dume hilo bado unalihitaji kwa hayo majike 19.

Na mwanangu, likitokea kuzaa kengele moja au mbili mwezi wa nne, chuma usiku, kula, nyamaza. Jirani akijua atamaliza misumari yote ya Mlandizi.